Bolti Ing'ae Hata Kericho: vidokezo vya kupaka zinki nyumbani

Kericho hunyesha karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja alasiri, saa ile pikipiki zinapanda na kushuka kupeleka majani mabichi kwenye vituo vya kununulia chai. Chuma hakipati nafasi ya kukauka. Ongeza tope jekundu la barabara za Roret, Kapkatet na Silibwet, ambalo hung'ang'ania nati na kushika unyevu usiku kucha, na utaelewa kwa nini bolti mpya huwa ya kahawia kabla hujamaliza kuilipia pikipiki yenyewe.

Zinki husaidia kwa sababu hukubali kuliwa kwanza ili chuma kibaki. Kuipaka kwa umeme nyumbani ni kazi inayowezekana kwa ndoo ndogo, betri ya pikipiki na siki. Tatizo ni kwamba wengi wakimaliza hupata ngozi ya kijivu isiyopendeza, kisha hulaumu betri. Betri haina kosa. Mng'ao huamuliwa kabla hujaunganisha waya, na vidokezo vingi hapa chini vinahusu saa hizo za mwanzo.

1. Usitegemee kupata sura ya mabati.

Bati la paa lilichovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, joto la nyuzi 450 hivi, likatoka na koti nene. Zinki ya umeme ni nyembamba mno: kwenye bolti za kawaida huwa mikroni 5 hadi 12. Wembamba huo ndio unaofanya nati bado iingie kwenye nyuzi zake, na ndio unaoruhusu mng'ao. Lakini koti jembamba halifichi kitu. Mkwaruzo ulioko chini utaonekana juu.

2. Sugua hadi uchoke, kisha sugua tena.

Hapa ndipo kazi ilipo. Anza na brashi ya waya kuondoa kutu iliyoinuka, halafu msasa wa namba 120, kisha 240, 400 na 800. Malizia na 1000 au 1200 ukiwa umelowesha maji. Kila namba isugue kukingama na ile iliyotangulia. Mikwaruzo ya awali ikiisha kabisa ndipo uende mbele. Anayeruka kutoka 120 kwenda 800 anapoteza msasa tu, maana mikwaruzo mikubwa hubaki pale pale na zinki itaichora upya.

Kichwa cha bolti ndicho kinachoonekana, basi kipe muda. Nyuzi ziachie brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili. Ikiwa una gurudumu la kitambaa na sabuni ya kung'arishia chuma, lipitishe mwishoni, lakini kumbuka sabuni hiyo ina mafuta na nta, na usipoiosha vizuri itakuharibia kidokezo kinachofuata.

Chuma kilichochimbwa na kutu hadi kikawa na vishimo hakitang'aa hata ukikipaka mara kumi. Nunua kipya au ukubali sura yake.

3. Osha kana kwamba hujawahi kuosha kitu maishani.

Kwanza parafini na mswaki wa zamani, ili kutoa grisi na oili ya injini. Parafini yenyewe huacha utando, kwa hiyo fuatisha maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sugua kila pembe, suuza, kisha fanya jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote: inua bolti kutoka majini uangalie maji yanavyokaa. Yakifunika chuma chote kwa utando mmoja laini, ni safi. Yakijikusanya matone au yakikimbia sehemu fulani, pale pana mafuta. Rudi kwenye magadi.

Tangu hapo usiguse chuma kwa kidole. Alama ya kidole haionekani ikiwa mbichi. Hujitokeza chini ya zinki, na mistari yake yote.

4. Asidi iwe fupi.

Baada ya kuosha, chuma kinahitaji kuamshwa kwa asidi ili zinki ishike. Siki ya kawaida yafaa, ukikiacha humo nusu saa au zaidi. Asidi kali ya kusafishia vigae inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hufanya kazi hiyo kwa dakika moja au mbili ikiwa imepunguzwa na maji, na ukipitiliza huacha masizi meusi juu ya chuma. Yafute kwa brashi chini ya maji. Ukitumia asidi hiyo, tia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi, na isikaribiane na dawa ya kung'arishia nguo: zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Suuza, kisha chuma kiende moja kwa moja kwenye maji ya zinki kikiwa bado kimelowa. Kikikauka njiani kinaanza kupata kutu ndani ya dakika chache, hasa kwa hewa ya huku.

5. Tumia maji ya mvua.

Bomba na kisima huwa na chumvi zao. Mvua tunayo ya kutosha kugawia majirani. Kinga baada ya paa kuoshwa na mvua ya dakika kumi za mwanzo, chuja kwa kitambaa.

6. Chagua mapishi yako, na usisahau sukari.

Mapishi rahisi ni haya: lita moja ya siki nyeupe, gramu 100 za chumvi ya Epsom, gramu 120 za sukari. Ning'iniza vipande vya zinki humo usiku mzima ili vianze kuyeyuka. Siki hubeba zinki, chumvi husaidia umeme kupita, na sukari ndiyo inayokupa mng'ao. Hushikamana na uso wa chuma na kuzuia zinki isijirundike mahali pamoja, hivyo chembe zinazoota huwa ndogo na zimebanana. Chembe ndogo hurudisha mwanga. Chembe kubwa huutawanya, na jicho huona kijivu. Viwanda vya zamani vilijua hili, vikatia glukosi, gundi na hata urukususi kwenye mapipa yao. Siku hizi hutumia kemikali maalumu za kung'arisha, ambazo hazipatikani rahisi mjini Kericho wala hazihitajiki kwa bolti za bodaboda.

Mapishi ya pili ni bora, na eneo letu la chai lina bahati nayo. Michai ya Kenya mara nyingi hupungukiwa zinki, ndiyo maana wakulima huinyunyizia kwenye majani, na watafiti wa chai walioko Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, wameshughulika na suala hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo salfeti ya zinki si kitu kigeni kwenye agroveti zetu. Yeyusha gramu 200 kwa kila lita ya maji ya mvua, ongeza gramu 50 za chumvi ya Epsom, kikombe kidogo cha siki, na gramu 100 za sukari. Maji haya yana zinki nyingi tangu mwanzo, kwa hiyo koti hujengeka haraka na kwa usawa.

Soma lebo kabla hujalipa. Unataka salfeti ya zinki peke yake. Mbolea ya majani iliyochanganywa shaba, chuma na manganisi itakupa koti jeusi lenye mabaka, na zinki iliyofungwa kwa kemikali ya EDTA haitoki kwa urahisi kwenda kwenye bolti. Hata ile iliyo safi kiasi huwa na uchafu wa madini mengine. Tia vipande vya zinki visivyo na kazi ndani ya mchanganyiko, koroga mara kadhaa, uache hadi kesho yake. Shaba na risasi zilizomo huganda juu ya vipande hivyo badala ya kuganda juu ya bolti yako. Chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, na maji yawe maangavu kabla ya kuanza.

7. Zinki ya kuyeyuka iwe zinki kweli.

Kopo la betri kavu za bei nafuu, zile za tochi na redio zisizo za alkalini, ni zinki. Eveready walifunga kiwanda chao cha Nakuru mwaka 2014, lakini betri za aina hiyo bado ziko kila duka. Lipasue nje, ukiwa na glovu, utoe unga mweusi na kijiti cha kaboni, kisha ulioshe hadi ling'ae. Kipande cha bati la paa hakifai: koti lake huisha upesi na chuma kilicho chini huingia majini. Usitumie chuma cha pua mahali pa zinki hata kwa majaribio, maana huyeyusha kromiamu yenye sumu.

Weka vipande viwili, kimoja kila upande wa bolti, na jumla ya eneo lake isiwe ndogo kuliko la bolti. Vivalishe vifuko vya pamba. Soksi kuukuu iliyofuliwa yatosha. Zinki ikiyeyuka huacha unga mweusi, na unga ukielea hadi kwenye bolti utaugusa kwa kidole na kuuhisi kama mchanga. Waya wa shaba unaoshika zinki ubaki juu ya maji.

8. Umeme mdogo, muda mrefu.

Wanaoharibu kazi hapa ni wale wenye haraka. Kadiri ya kuanzia ni ampea moja kwa kila sentimita za mraba 100 za uso, au nusu yake ukitumia mapishi ya siki. Bolti ya M8 yenye urefu wa sentimita 5 ina uso wa karibu sentimita za mraba 20, kwa hiyo inataka ampea 0.2 tu. Betri ya volti 12 ukiiunganisha moja kwa moja itapeleka nyingi kupita kiasi. Pembe zitaungua na koti litatoka kama masizi.

Dawa iko kwenye duka la spea za pikipiki: balbu. Iunganishe katikati ya chanya ya betri na vipande vya zinki, ili umeme wote upite ndani yake. Balbu ya wati 5 hupitisha karibu ampea 0.4, inatosha bolti mbili. Ya indiketa ya wati 10 hupitisha karibu 0.8, bolti nne. Ya breki ya wati 21 hupitisha kama 1.7, bolti nane. Ziwe balbu za waya wa zamani, LED hazifanyi kazi hii. Bolti huenda kwenye hasi. Weka na fyuzi karibu na betri. Waya mbili zikigusana kwa bahati mbaya, betri ndogo ya pikipiki inaweza kuyeyusha waya na kukuchoma. Uzuri mwingine wa mpango huu ni kwamba stima ikipotea wewe unaendelea.

Kwa kadiri ile ya ampea moja, zinki hujenga takriban mikroni 17 kwa saa endapo hakuna umeme unaopotea. Nyumbani hupotea kiasi, kwa hiyo dakika 40 zitakupa koti la heshima. Ukizidisha muda hadi saa mbili hupati mng'ao zaidi. Koti linapozidi kunenepa bila kemikali za kiwandani, huanza kukwaruza.

9. Maji yatembee, na yasiwe baridi.

Vipovu vya haidrojeni vinavyoshikilia bolti huacha vishimo vidogo. Pampu ya tangi la samaki ni nzuri. Usipokuwa nayo, tikisa waya kila baada ya dakika moja na ugeuze bolti upande. Tone moja la sabuni ya vyombo husaidia vipovu kuachia.

Asubuhi za Julai huku zinaweza kuwa baridi kiasi cha kukufanya uvae koti mbili, na maji ya zinki hulala. Yakiwa chini ya nyuzi 15 hivi, mng'ao hugoma. Weka chombo chako ndani ya beseni la maji ya moto hadi kifike nyuzi 25 au 30. Usikiweke juu ya jiko, maana mivuke na haidrojeni havitaki moto karibu.

10. Soma koti kabla hujalivua.

Vua bolti baada ya dakika tano, isuuze, iangalie kwenye mwanga wa dirisha. Nyeusi na inafutika kwa kidole: umeme umezidi, badilisha balbu au ongeza bolti. Kijivu sare, isiyofutika: sukari imepungua, au ulivivia kwenye msasa. Malengelenge: mafuta yalibaki. Sehemu ya ndani ya nati haina kitu: hiyo ni kawaida, zinki haipendi mashimo, igeuze ikabili kipande cha zinki.

11. Umalizaji ni dakika tano zinazobadilisha sura.

Bolti ikitoka, isuuze mara mbili katika maji tofauti. Ichovye sekunde chache kwenye siki iliyopunguzwa sana, kijiko kimoja kwa lita, na utaona wingu jembamba likiondoka. Viwandani hutumia asidi ya nitriki kwa kazi hii. Nyumbani achana nayo. Suuza tena kwa maji ya moto ili ikauke haraka yenyewe.

Kwa vitu vidogo vingi, tafuta magunzi ya mahindi, ambayo Bomet hayana bei. Yakaushe, yaponde yawe punje ndogo, tia kwenye kopo pamoja na nati zako na ulizungushe robo saa. Viwanda vya kung'arisha chuma kwingine duniani hununua magunzi yaliyosagwa kwa kazi hii hii, ya kukausha na kusugua kwa upole. Bolti kubwa ziguse kwa kitambaa chenye magadi ya kupikia na maji kidogo. Usibonyeze, unafuta mikroni chache tu.

Halafu zibe. Zinki mbichi ikiachwa kwenye rundo lenye unyevu huota unga mweupe, kutu yake yenyewe, na mng'ao wote huenda katika wiki moja ya mvua. Vanishi angavu ya kupuliza hudumu zaidi. Nta ya gari ni rahisi zaidi na haikwami kwenye nyuzi. Mimi ningechagua nta.

12. Ile rangi ya dhahabu ya dukani iache huko huko.

Njano inayometameta kwenye bolti nyingi za kiwandani kwa miaka mingi imetokana na kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliiwekea vikwazo katika vifaa vya umeme na elektroniki tangu 2006. Mtu akikuuzia unga wa kutengenezea rangi hiyo nyumbani, mshukuru na uondoke.

13. Vitu vya kutopaka kabisa.

Springi, spoki, mnyororo, sehemu za breki na usukani. Haidrojeni inayotoka wakati wa kazi huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla, bila kupinda kwanza. Viwanda huoka vyuma hivyo kwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi 190 na zaidi. Oveni ya mikate si mbadala. Angalia kichwa cha bolti: 8.8 endelea, 10.9 au 12.9 iweke kando.

Usipake pia visu vya mashine za kuchumia chai wala makasi ya kupogolea. Ni chuma kigumu, na kinagusa majani ambayo kesho yatakuwa kwenye kikombe cha mtu. Sufuria na vijiko, hapana.

14. Maji yaliyochoka yasiende mtoni.

Nyangores hupita mjini Bomet na kuwa sehemu ya Mara. Itare na Kiptiget huishia Sondu, na Sondu ziwani. Zinki inayofaa jani la mchai kwa kipimo ni sumu kwa samaki. Kwa bahati nzuri maji haya hudumu: yachuje, ongeza sukari kidogo na siki, na utayatumia miezi mingi. Yahifadhi kwenye jerikeni yenye maandishi makubwa, mbali na watoto, na kamwe si kwenye chupa ya soda, maana harufu yake ni ya siki na ladha yake ina sukari.

Yakifika mwisho, tia magadi kidogo kidogo hadi yaache kuchemka povu. Zinki itashuka chini kama tope jeupe. Acha hadi kesho, mwaga maji ya juu mbali na kisima na mto, kausha tope, lifunge kwenye kopo na umpe mkusanya taka mwenye leseni ya NEMA. Usishawishike kulimwaga shambani eti ni mbolea: mchai hupenda udongo wenye asidi, na magadi ni kinyume chake kabisa.